UZI: Kuzamia na marafiki Malindi na Lamu bila bunduki, na siku mwenzetu alipozima (alipozirai)

MtuWaMayungu (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam.

Kila nikiweka picha ya samaki hapa, lazima mtu anifuate pembeni: "Bro, bunduki umenunua wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nafungua uzi niseme yote mara moja.

Bunduki ya samaki, ile ya chuma na mpira, imepigwa marufuku Kenya tangu 2001, pamoja na juya (wavu wa kukokota hadi ufuoni). Si ndani ya hifadhi peke yake. Ni kote, Vanga hadi Kiunga. Ile ya Kizungu inayong'aa na ile ya kuchonga nyumbani kwa ubao, chuma cha dirisha na mpira wa tairi, mbele ya sheria ni mamoja. Sitaki kujifanya malaika: mimi nimejifunza kuzamia nikiwa na chuma mkononi, na mwanamume wa rika langu huku Mayungu akikwambia hajawahi kushika, mwulize mara ya pili. Lakini niliacha, na sasa tunakwenda bila hiyo.

Tuko wanne. Mimi, fundi wa mashini za boti, mwalimu wa shule ya msingi, na kijana mmoja wa Mambrui anayeuza viazi karai jioni. Vifaa: miwani, mrija, mapezi, mkanda wa risasi (vipande vizito vya madini vya kusaidia kuzama, si vya bunduki), boya lenye kibendera, vijiti vya pweza, na mishipi kwa ajili ya kupata kitoweo cha uhakika. Boti ni ya kukodi, mafuta tunachanga.

Tunakwenda lini? Hapa ndipo wageni wanapopotea. Wanasikia kaskazi ni msimu wa bahari nzuri, wanakuja Desemba na miwani mipya, wanakuta maji ya Malindi yana rangi ya chai ya maziwa. Huo ni Mto Sabaki. Mvua zikinyesha bara, udongo wote unashuka nao, na upepo wa kaskazi unausukuma kuja kusini, moja kwa moja kwetu. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikianza, udongo unageuka kuelekea Ngomeni, ila sasa bahari yenyewe haikubali boti ndogo. Kwa hiyo dirisha letu ni jembamba: mto ukishapungua, kuanzia mwisho wa Januari hadi Machi, kabla mvua za masika hazijaanza.

Na ndani ya dirisha hilo tunachagua maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana. Bamvua, yale maji makubwa, inavuta sana, maji yanakimbia, mchanga unanyanyuka, unashuka chini huoni mkono wako. Mwezi ukiwa nusu, maji yametulia, unaweza kukaa juu ya mwamba ukahesabu changu waliopo chini yako.

Nitaendelea usiku, kuna kazi.

MlaPapa

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu, bila bunduki unazamia kufanya nini? Kusalimiana na samaki?

MtuWaMayungu

Pweza, kamba mawe, na macho. Mshipi ndio unaoleta changu na yule samaki aitwaye tembo. Nikikwambia ukweli, mwaka wa kwanza nilijiona mjinga kama unavyosema. Nilikuwa nikishuka, nikimwona kolekole amepita mbele yangu mita mbili, mkono unatafuta kitu ambacho hakipo.

ChumaNaMpira

Sipendi uzi huu na nitasema kwa nini. Mtu mwenye boti na mashini ya farasi kumi na tano ni rahisi kusema "tumeacha bunduki". Kijana asiye na mashua, asiye na wavu, asiye na shilingi ya chambo, silaha yake ilikuwa ni ile. Miwani ya mia tano, chuma, mpira wa tairi, anaogelea kutoka ufuoni, anarudi na kitoweo cha mamake. Mmempokonya huyo. Huku meli za kukokota nyavu zimesugua Ghuba ya Ungwana miaka na miaka, na sisi tukihubiriwa kuhusu vyuma vyetu. Nani ameharibu zaidi?

MtuWaMayungu

Umesema kweli na sitakupinga kwa hilo. Sheria ilianza na mnyonge, na bado inaanza naye.

Ninachopinga ni kidogo tu. Wavu haumchagui samaki. Chuma kinachagua, na kinachagua vibaya. Ukishuka na bunduki humlengi dagaa, unamlenga aliye mkubwa na aliyetulia. Sasa tazama ni nani hao. Chewa anazaliwa jike, akikua ndipo anageuka dume. Yule mkubwa kabisa mwenye pango lake mara nyingi ndiye dume la mtaa mzima. Pono vilevile, wengi wao wanabadilika hivyo hivyo, yule mwenye rangi za kitenge ndiye dume. Ukimtoa huyo, umewaachia wenzake kazi ya kuanza upya.

Na pono usiku! Wewe unajua ninachosema. Baadhi yao wakilala wanajifunika utando kama kamasi, wanajibana kwenye jiwe, hawaendi popote. Mtu mwenye tochi na chuma anawaokota kama maembe. Pono ndiye anayekwangua mwani kwenye matumbawe. Mwamba uliokwisha ungua na joto la mwaka 1998 unahitaji sana mtu wa kuufagia. Nilishiriki mambo hayo ya tochi, ndiyo maana nayajua.

ChumaNaMpira

Hapo kwenye tochi sina neno. Hata marehemu baba alikataza.

BintiMambrui

Naongeza kuhusu chewa. Pale kwenye mlango wa Mida, Watamu, kuna mapango yanaitwa ya Tewa, kwa sababu ya machewa makubwa yaliyokuwa yakikaa humo. Ni ndani ya hifadhi, usiende hata na mshipi. Hifadhi za Malindi na Watamu zimewekwa tangu 1968. Ndani ya mbuga yenyewe hakuna kuvua kabisa. Nje yake, kwenye sehemu ya akiba, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Watu wanachanganya hizi mbili, wanakamatwa, halafu wanalia wameonewa. Muulize mtu wa BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo) ya ufuo wenu mpaka uko wapi kabla hujatia nanga.

MlaPapa

Sawa madam. Swali: mimi nimesikia kuna merikebu imezama Ngomeni, ya zamani kweli kweli. Chuma na mbao chini ya maji zinavuta samaki, kila mtu anajua. Kwa nini tusiende pale?

BintiMambrui

Ipo, na haiko mbali. Iko kwenye maji ya mita sita hivi, karibu na ufuo. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, akiwemo Caesar Bita, wamekuwa wakiichunguza tangu 2013. Ndani yake kumepatikana vipande vya shaba na pembe za ndovu. Mwaka 2024 yeye na wenzake waliandika kwamba huenda ni São Jorge, chombo cha Wareno cha msafara wa mwisho wa Vasco da Gama, kilichozama 1524. Wenyewe wanasema bado haijathibitishwa.

Kwa hiyo si mahali pa kwenda kuchokoachokoa. Mabaki yale ni mali ya kale, yanalindwa na sheria. Na wenyeji wa Ngomeni ndio waliowaelekeza wataalamu hadi pale, usifikiri kwamba hakuna jicho linalotazama.

MtuWaMayungu

Asante BintiMambrui. Sisi tumevua mshipi upande ule wa kaskazini, tukitumia majukwaa ya San Marco kama alama. (Kwa watoto wa juzi: yale mavyuma ya Waitaliano baharini ndipo setilaiti iliyoitwa Uhuru iliporushwa, 12 Desemba 1970. Babu yangu alisema siku ile samaki hawakula. Labda alikuwa hakupata kitu tu.)

MlaPapa, ukitaka meli iliyozama ambayo inaruhusiwa kutembelewa, nenda Mombasa, kuna MV Dania iliyozamishwa makusudi 2002 kwa ajili ya wazamiaji. Lakini iko karibu mita 30 chini, huko ni kwa watu wa mitungi ya hewa na mwelekezi. Usithubutu kwa pumzi moja. Na hili linanileta kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi.

Februari iliyopita, siku ya maji mafu, tumetia nanga nje ya mwamba kama saa tatu asubuhi. Maji safi, mnaona nanga hadi chini. Fundi na yule kijana wako botini na mishipi, mimi na mwalimu tuko majini. Utaratibu wetu ni kwamba mmoja akishuka mwingine anabaki juu, uso ndani ya maji, anamtazama. Hatushuki pamoja hata kukiwa na hazina.

Mwalimu akaona ndevu za kamba mawe zimetokeza chini ya jiwe, ndevu nne, yaani wawili. Kina kama mita kumi na mbili. Akashuka, akamkosa. Akapanda, akapumua mara tatu nne haraka haraka kama mvukuto wa mhunzi, akashuka tena. Akamkosa. Nikamwambia, "Mwalimu, pumzika." Akanionyesha kidole kimoja: mara moja tu. Akapuliza tena vile, akashuka.

Safari ile alikaa. Nilimwona mkono umeingia chini ya jiwe hadi begani. Nilianza kuhesabu kichwani, na hesabu ilikuwa imepita ninapopapenda. Akageuka, akaanza kupanda, mikono mitupu, mapezi yanapiga vizuri tu. Nikatulia. Akatoa kichwa, akatema mrija, akavuta pumzi, akaniambia "niko sawa". Kwa sauti kabisa.

Halafu kichwa kikaanguka mbele, uso ndani ya maji.

Wadau, hakupiga kelele, hakutapatapa. Kama mtu aliyesinzia kwenye matatu. Ningekuwa nimemgeuzia mgongo baada ya lile "niko sawa", ningedhani anatazama samaki.

Nilimkamata kidevu na kisogo, nikamgeuza uso juu, nikafungua mkanda wake wa risasi ukaenda zake chini, nikamvua miwani, nikampulizia machoni, nikawa namwita jina lake. Midomo ilikuwa ya buluu. Sekunde kumi, labda kumi na tano. Akashtuka, akavuta pumzi ndefu, akaniangalia kwa hasira: "Mbona umenishika?"

MamaWaShela

Subhanallah. Shela ya Malindi au ya Amu (Lamu), kote bahari ni moja. Mwanangu alifariki hivyo hivyo, na sisi hadi leo tunasema "mshtuko wa moyo". Kwa nini mtu azime akiwa juu, tayari ana hewa?

MtuWaMayungu

Pole sana mama. Mungu amrehemu.

Nitajaribu kueleza kama nilivyofundishwa na mzamiaji mmoja wa mitungi pale mjini. Kile kinachokufanya uhisi hamu ya kupumua si kukosa oksijeni. Ni ile hewa chafu, kaboni dayoksaidi, inapojaa. Ukipuliza haraka haraka kabla ya kushuka unaifukuza hewa chafu, lakini oksijeni huiongezi kitu. Basi kengele ya mwili inachelewa kulia. Unajisikia shujaa, kumbe unatumia akiba bila kujua.

La pili ni mgandamizo. Ukiwa mita kumi chini, maji yanakubana mara mbili ya pale juu, mapafu yanakuwa nusu. Ule mbano unaisaidia oksijeni iliyobaki kuingia kwenye damu, kwa hiyo kule chini uko sawa. Unapopanda, mbano unaondoka, na mita zile kumi za mwisho ndizo zinazoondoa nusu nzima. Ndiyo maana mara nyingi mtu hazimi chini kwenye jiwe. Anazima akikaribia juu, au akishatoa kichwa, kwa sababu pumzi ya kwanza inachukua sekunde kadhaa kufika kwenye ubongo.

Hivyo sasa sheria zetu ni hizi: hakuna kupuliza kama mvukuto. Ukikaa chini dakika moja, unapumzika juu dakika mbili au zaidi. Risasi za mkanda ziwe chache, ili ukizima karibu na juu mwili uelee wenyewe. Na anayetazama haondoi macho hadi nusu dakika baada ya mwenzake kutoka, hata akisema yuko sawa. Hasa akisema yuko sawa.

ChumaNaMpira

Nimekuelewa. Lakini ngoja: mwalimu alizima hana bunduki. Basi bunduki haina kosa, si ndiyo? Umeanza uzi ukiilaumu, umemaliza na mtu aliyezima mikono mitupu.

MtuWaMayungu

Umenikamata. Nimekaa na swali lako tangu jana.

Nilikuwa nikiamini ukiacha chuma umeacha na ule uchu. Kumbe hapana. Kamba wawili chini ya jiwe wana nguvu zilezile za chewa mbele ya mkuki. Labda chuma kinazidisha, kwa sababu samaki aliyejeruhiwa anakimbilia pangoni na wewe hutaki kumwacha. Hilo limewahi kunitokea na ninashukuru nipo. Lakini kukiondoa peke yake hakutoshi, nakubali.

NahodhaWaAmu

Mwanangu wa Mayungu, nimesoma nikatikisa kitwa. Mwalimu wako ameingia pabaya kwa sababu hamjui kumtoa kamba.

Sisi huku Amu na kwa Wabajuni, Kiwayu, Ndau, Kizingitini, kamba hatumfuati jiweni kwa mkono. Twamwendea na pweza. Wamtia pweza kwenye kijiti, wamsogeza pole pole tini ya jiwe. Pweza ndiye adui wa kamba, humla. Kamba akimuona tu, hutoka mwenyewe kinyumenyume, mkia mbele, na wewe umeshika kiwavu kidogo nyuma yake. Kazi imekwisha. Huna haja ya kukaa mayini mpaka ukafa. Na akitoka yule jike mwenye mayai tini ya mkia, mrudishe. Huyo ni mali ya mwakani.

Ndoo (njooni) Amu kaskazi ijayo. Leteni mapezi yenu, pweza nitaleta mimi.

MtuWaMayungu

Shikamoo ami. Nimecheka peke yangu barabarani. Miaka yote hii tunachoma pweza, kumbe ndiye ufunguo wa pango!

Tutakuja inshallah. Njia ni Garsen, Witu, Mokowe, halafu boti hadi Amu, sivyo? Na utuonyeshe Manda Toto, nasikia maji yake yametulia.

NahodhaWaAmu

Marahaba. Njia ni hiyo. Manda Toto ni pa wageni na watoto, maji mazuri, mtaanza hapo siku ya kwanza niwatazame mnavyopumua. Nje ya Kiwayu tutakwenda nikiridhika. Huko juu kuna hifadhi ya Kiunga, yataka ruhusa na adabu. Na ukipita Pate, usitie kijiti kwenye mwamba wa pweza kabla ya kuuliza wenyewe. Kuna jamii zimeufunga kwa miezi kadhaa wakue, halafu wanaufungua kwa siku maalum. Pweza hana umri mrefu, mwaka na kitu, hukua upesi. Ukimngojea kidogo tu umepata mara mbili.

MlaPapa

Nafasi kwenye boti ipo? Nina miwani.

MtuWaMayungu

Ipo moja. Lakini miezi miwili ya kwanza kazi yako ni kukaa juu na kutazama. Hushuki.

MlaPapa

Miezi MIWILI?

TichaWaMaji

Wadau, mimi ndiye mwalimu mwenyewe. Nimeletewa uzi huu na mwanafunzi wangu wa zamani, ahsanteni kwa kunitangaza.

Nataka kurekebisha jambo moja. Mimi sikuzima. Nakumbuka nimeingiza mkono, nimemgusa mmoja mgongoni, nimeamua kupanda. Halafu huyu bwana amenishika kidevu ananipulizia mate usoni. Hilo la "niko sawa" sikulisema.

MtuWaMayungu

Ulilisema mwalimu. Fundi alilisikia akiwa botini.

TichaWaMaji

Basi sina kumbukumbu nalo hata kidogo. Limenitisha kuliko yote mliyoandika hapo juu.

Lamu niandikeni. Nitalipa fungu langu la mafuta mwisho wa mwezi. Na ule mkanda wangu wa risasi, kuna aliyeurudia?

MtuWaMayungu

Uko mita kumi na mbili, pembeni ya lile jiwe la kamba. Hakuna atakayeufuata. Utayeyusha mwingine.